Kutangamana Bila Kupotea

Msomaji mpendwa, lipo swali moja ambalo halijazeeka tangu watu walipoanza kukaa pamoja, nalo ni hili: mtu aingiapo miongoni mwa watu wasio wa asili yake, je, ni lazima abadilishwe ndipo akubaliwe, au yawezekana akae nao kwa amani hali yu yule yule aliyekuwa? Swali hili huwahusu wafalme na raia, mataifa makubwa na nyumba ndogo. Lakuhusu na wewe, uliyewasili juzi katika shule ya bweni, sanduku mkononi, ukatupa macho huku na huku ukitafuta uso mmoja unaoufahamu. Wengi wamelijibu kwa maneno makali, na maneno makali hupofusha. Mimi nataka tulitazame kwa utulivu. Kwa hiyo nitaanza mbali na watu. Nitaanza na kitu kisicho na kabila, wala lugha, wala kinyongo, yaani kaboni ndani ya maji.

Kwangua masizi kidogo chini ya sufuria ya jikoni, uyatie katika glasi ya maji safi. Utayaona yanaelea juu kana kwamba maji ni adui yao. Koroga kwa kijiko, na maji yatakuwa meusi. Ukitazama wakati huo utadhani kwamba mambo yamekwisha na wawili hao wamepatana. Sasa iache glasi dirishani, uende zako, urudi baadaye. Utakuta masizi yamejitenga, mengine juu na mengine chini, yameshikana madonge madonge. Kumbe kule kukoroga kulikuwa mapatano ya macho tu. Sukari haifanyi hivyo. Sukari ikishayeyuka katika maji hukaa humo siku zote bila kutulia chini, maana yeye na maji ni marafiki wa tangu asili. Urafiki kama huo hauhitaji hekima ya mtu. Hekima huhitajika pale ambapo asili haikuleta urafiki.

Masizi hayo wanaye ndugu yao wa ukoo mmoja, maarufu kuliko wao. Unajua kwamba risasi ya penseli yako imetengenezwa kwa grafiti, nayo grafiti ni matabaka ya kaboni yaliyolaliana. Ukiwaza tabaka moja tu, jembamba kwa kadiri ya atomi moja, ukalikunja kama mkeka hata kingo zake zikaungana, utapata mrija. Mirija ya namna hii ni midogo kupita kiasi. Mrija wa ukuta mmoja una unene wa nanomita 1 hivi. Na milimita 1, ile alama ndogo ya rula yako, ina nanomita 1,000,000. Unywele wa kichwa chako huweza kufika nanomita 80,000. Wataalamu wawili wa Urusi, Radushkevich na Lukyanovich, walichapisha picha za mirija ya kaboni mwaka wa 1952, lakini ulimwengu haukuzisikia sana. Ulizinduka mwaka wa 1991, wakati Sumio Iijima wa Japani alipoieleza mirija yenye kuta nyingi. Na mwaka wa 1993 ikapatikana ile ya ukuta mmoja. Mirija hii hushinda chuma cha pua kwa nguvu ukilinganisha kwa uzito, na mingi yake hupitisha umeme vizuri sana. Kwa hiyo watu wa maarifa wanaitamani kwa wino upitishao umeme, kwa rangi, na kwa kazi nyingine nyingi. Lakini ili itumike katika kazi hizo, aghalabu lazima kwanza ienee katika maji, kila mrija peke yake. Hapo ndipo taabu ilipo.

Mirija hii hupendana. Kila upande wa mrija huvutwa na upande wa mwenzake kwa kani hafifu ziitwazo kani za Van der Waals. Kani moja si kitu. Lakini mirija ni mirefu, nayo hulaliana ubavu kwa ubavu, na haba na haba hujaza kibaba. Imekadiriwa kwamba mirija miwili iliyogusana kwa urefu wa maikromita 1 hushikana kwa nguvu ya elektronivolti 500 hivi, hali msukosuko wa joto la chumbani hauzidi sehemu 1 katika 40 ya elektronivolti moja. Hesabu mwenyewe: nguvu ya kushikana ni mara 20,000 ya msukosuko unaoweza kuwatenganisha. Maji nayo hayasaidii. Molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe, na kitu kisichoweza kushikana nazo husukumwa kando. Hivyo mirija hufungamana matita kama kuni, yenye mvuto wa ndani na msukumo wa nje.

Simama hapo kidogo, msomaji. Je, tuilaumu mirija kwa kupenda mirija? Tuyalaumu maji kwa kupenda maji? Ndege wa mabawa sawa huruka pamoja, walisema wahenga, wala hawakusema kwamba ndege hao ni waovu. Mimi ni mwalimu, na nimekaa miaka kadhaa nikitazama ukumbi wa chakula wakati wa wanafunzi wapya. Siku ya kwanza wamechanganyika kwa sababu hakuna anayemjua mwenzake. Siku ya tatu meza zimekwisha kugawanyika: hapa lugha hii, pale lugha ile, kule watoto wa mjini, na kule pembeni wale waliotoka mbali. Nilipokuwa kijana katika kazi nilikasirika nikaita jambo hilo ukabila. Leo siliiti hivyo upesi. Mtoto aliye mbali na mama yake hutafuta sauti inayofanana na ya mama yake. Kosa halimo katika kutafuta huko. Kosa huanza wakati tita linapokazana hata haliwezi kufunguka tena, na kila aliye nje yake akawa si mtu.

Basi watu wa maarifa walifanyaje na mirija yao? Walijaribu njia tatu, na kila moja ina funzo.

Njia ya kwanza ni nguvu. Hutumiwa mawimbi ya sauti yenye kasi kupita uwezo wa sikio la mtu. Mawimbi hayo hufanya viputo vidogo ndani ya maji, na viputo vikiporomoka huzaa vishindo vikali vinavyoyapasua matita. Mirija hutawanyika kweli. Lakini ukiizima mashine pasipo kufanya jingine, mirija huanza kurudiana, na baada ya muda matita yako pale pale. Nawe ukisema, “Basi nitaongeza vishindo,” utaona hasara ya pili: mirija huanza kukatika, ikawa mifupi na yenye majeraha. Nguvu inaweza kutenganisha, haiwezi kupatanisha.

Nami nimewahi kuwa mashine hiyo. Mwaka mmoja nilipanga meza za chakula kwa orodha, nikasimama mlangoni kuhakikisha kila mmoja ameketi nilipomweka. Chakula kililiwa kimya kama cha matanga. Kengele ilipolia, wote walitoka, na kabla hawajafika uwanjani walikuwa wamerudi katika matita yao. Nilidhani nimefundisha umoja. Kumbe nilifundisha kungoja kengele.

Njia ya pili ni kuibadilisha mirija yenyewe. Huchemshwa katika mchanganyiko wa asidi kali, asidi ya nitriki na ya sulfuriki. Asidi huing’ata mirija kwenye ncha na katika kuta, na penye kila jeraha huota kikundi cha atomi kinachopenda maji. Mirija iliyotendewa hivyo hukaa katika maji kwa uzuri, na pengine kwa muda mrefu. Mtazamaji wa mbali atasema kazi imefana. Lakini pima umeme. Ule mtandao wa kaboni uliokuwa mzima sasa umetobolewa hapa na pale, na elektroni zilizokuwa zikipita kama maji mferejini zinajikwaa. Umepata mrija unaokubaliwa na maji, nawe umepoteza sehemu ya kile kilichokufanya uutamani.

Niruhusu nikwambie habari yangu mwenyewe. Katika shule ya msingi niliyosoma, mwanafunzi aliyesikika akisema lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amkamate mwenzake mwenye kosa hilo hilo. Jioni wote waliokivaa walichapwa. Nilikuwa mwepesi wa kujifunza. Upesi niliacha lugha ya kwetu shuleni, kisha njiani, kisha hata nyumbani. Walimu walinisifu, na kwa kweli nilienea vizuri katika kila darasa nililopita. Miaka mingi baadaye nyanya yangu aliugua, nikakaa kando ya kitanda chake usiku kucha. Alikuwa na mengi ya kuniambia, naye hakujua lugha nyingine. Nilimshika mkono nikaitikia, na nusu ya maneno yake sikuyaelewa. Alifariki dunia majuma machache baada ya usiku ule. Sijui aliniachia wosia gani. Hapo ndipo nilipojua mahali umeme wangu ulipokatikia. Mwacha mila ni mtumwa, husema watu. Lakini mimi sikuiacha, nilichomwa hata ikanitoka.

Njia ya tatu ni ya msuluhishi. Ipo jamii ya vitu, na sabuni ni mmoja wao, ambavyo kila molekuli yake ina tabia mbili: mkia unaoyakimbia maji na kichwa kinachoyapenda. Tia kitu cha namna hiyo pamoja na mirija, kisha tumia yale mawimbi ya sauti kwa kiasi. Tita linapofunguka, mikia hukimbilia mrija na kuulalia, na vichwa huelekea majini. Mrija sasa umevaa vazi ambalo maji hulikubali. Tena, vichwa vya sabuni nyingi vina chaji ya umeme ya namna moja, na chaji zilizo sawa husukumana. Kwa hiyo mirija miwili iliyovaa hivyo ikikaribiana husukumana kwa upole, kila mmoja ukaenda zake. Mwaka wa 2002 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, akiwamo Richard Smalley aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 1996, waliitenga mirija mmoja mmoja kwa njia hii. Kisha wakaona jambo ambalo katika matita halikuonekana: mirija mingine ilipomulikwa ilitoa mwanga wake yenyewe, kila aina na mwanga wake. Katika tita mwanga huo ulikuwa ukizimwa na majirani.

Mwaka huo huo wa 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, huko Israeli, walifanya kazi kama hiyo kwa gundi ya mgunga, ile ambayo wafanya biashara huiita gundi ya Arabuni. Gundi hii twaifahamu. Huchumwa katika nchi zetu kavu za Turkana, Samburu, Isiolo na Marsabit, ikitoka katika magome ya mti wenye miiba ambao mpita njia hauoni kuwa na faida. Tena si maarifa mapya kabisa. Wamisri wa kale walichanganya masizi, gundi na maji wakapata wino, na maandishi yao yangali yasomeka. Gundi hiyo hukaa juu ya chembe za kaboni na kueneza matawi yake majini, hata chembe haziwezi kukaribiana zikashikana. Linalonigusa moyo ni hili: chini ya gundi mrija ni mzima. Hakuna tundu lililotobolewa. Ukiuosha utaukuta ni ule ule.

Msuluhishi wa namna hii nimemwona darasani. Alikuwa mvulana mmoja ambaye baba yake alikuwa askari wa polisi, akahamishwa kila baada ya miaka michache. Kijana yule alikuwa amejifunza lugha nne pasipo kukusudia. Hakuhubiri umoja hata siku moja. Aliketi tu mwisho wa meza hii, akacheka nao kwa lugha yao. Kisha akageuka akaeleza kichekesho kile kwa Kiswahili, na meza ya pili ikacheka. Katika muhula mmoja alifanya lile ambalo orodha yangu haikuweza. Wala hakuna aliyebadilishwa. Yule wa kaskazini alibaki wa kaskazini, na yule wa ziwani alibaki wa ziwani, ila sasa walijuana.

Lakini nisikudanganye kwamba njia ya tatu ni rahisi au ni ya milele. Mirija iliyoenezwa kwa sabuni haikupoteza hamu ya kurudiana. Tita bado ndilo pumziko lake la asili. Kinachoizuia ni kizuizi tu, na kizuizi chaweza kuvunjika. Tia chumvi kwa wingi katika maji yale: chembe zake huzifunika zile chaji zilizokuwa zikisukumana, na mirija huporomoka madonge. Katika jamaa ya watu chumvi hiyo ni uvumi. Tia sabuni kupita kiasi: ile iliyozidi, isiyo na mahali pa kushika, huisukuma mirija irudi pamoja, maana hata usuluhishi ukizidi huwa udhia. Iondoe sabuni kwa kuosha, na mirija hurudi ilikotoka. Kijana yule wa polisi alihama shule mwanzo wa muhula wa tatu. Majuma mawili hayakupita, meza zilikuwa zimegawanyika kama zamani. Nilihuzunika, ndipo nikafahamu kwamba tulikuwa tumemwachia mtu mmoja kazi ya watu wote. Amani ya watu wasiofanana si mali iliyowekwa sandukuni. Ni kazi ifanywayo kila siku na mikono mingi.

Yamkini utanipinga, msomaji, nami nakuombea upinge, kwa kuwa mwanafunzi asiyepinga hajasoma. Utasema, “Mwalimu, je, kila tabia ya mtu ihifadhiwe? Hakuna yanayostahili asidi?” Neno lako ni la haki. Si kila kilicho cha asili ni chema. Mirija yenyewe si malaika: mwaka wa 2008 watafiti walionyesha kwamba mirija mirefu na migumu, ikitiwa katika mwili wa panya, huweza kuleta madhara yanayofanana na ya asbesto. Vivyo hivyo wizi, ukatili na dharau si mila za kutunzwa. Atakayeingia katika jamaa ya watu hana budi kuziacha, na jamaa ikipokea mtu haina budi kuziacha zake. Lakini tofautisha kosa na tofauti. Kosa humdhuru mwenzio. Tofauti humshangaza tu. Asidi ni ya kosa, tena kwa kipimo. Waliotuvisha kibao waliitia juu ya tofauti.

Pengine utasema tena kwamba mtu si kaboni. Kweli. Mrija haulii unapotobolewa, wala haukumbuki. Mtu hulia na kukumbuka. Mrija hauwezi kuamua kubadilika. Mtu huweza, na akiamua mwenyewe kujifunza lugha mpya na desturi mpya hajatobolewa, ameongezewa. Mfano wangu wafika mahali hapo ukachoka. Lakini ona kwamba pale unapochoka ndipo hoja inapopata nguvu: ikiwa kitu kisicho na uchungu chaharibiwa kwa kulazimishwa, sembuse mtu?

Basi jibu langu kwa swali tuliloanza nalo ni hili. Mtu asibadilishwe ili akubaliwe. Na apewe msuluhishi, tena naye ajitahidi kuwa msuluhishi wa wengine. Wala usihukumu umoja wowote kwa namna unavyoonekana siku ya kukorogwa. Siku hiyo kila maji ni meusi, kila mkutano una nyimbo, na kila hotuba ina makofi. Iache glasi dirishani. Rudi baada ya muda, uone kama kuna kilichotulia chini.

Nawe leo jioni, utakapoingia katika ukumbi wa chakula, kengele ikiwa haijalia na mwalimu akiwa hayupo mlangoni, tazama ile meza ya pembeni wanakoketi waliotoka mbali. Huna haja ya kuacha rafiki zako, wala kumwomba mtu aache lugha yake. Chukua sahani yako, uketi mwisho wa meza, pale inapokaribiana na ya pili. Kisha uliza neno moja linaitwaje kwa lugha yao, ulitamke vibaya, wakucheke. Kesho mwenzako naye afanye vivyo hivyo, ili siku utakapohama kazi isihame pamoja nawe.